Jirani wa Juu

Kedowa,
11 Machi 2024

Kwa mdogo wangu Moureen,

Nikuulize kwanza hali ya magoti, maana nasikia huko kwa masista mnapiga magoti kuliko sisi tunavyoinama kwenye chai. Huku tuko. Shemeji yako Masese bado anaendesha lori la majani kule Bomet na anarudi kwangu mwisho wa mwezi, amechoka lakini anacheka. Watoto wako shule, na yule mkubwa amekupita urefu. Ng'ombe mwekundu amezaa ndama dume. Tulinuna kidogo, kisha tukashukuru.

Mama ni mzima, ila amekuwa mgumu kuliko jiwe la kusagia, na hilo ndilo limenishikisha kalamu. Unakumbuka kijito chetu, vile ulikuwa unakiruka na kikapu mgongoni? Siku hizi hakirukwi. Tangu miti ya huko juu ikatwe, mvua inanyesha upande wa Londiani, sisi hatujaona hata wingu, na kijito kinashuka na rangi ya chai ya maziwa, kinavuta magogo. Wiki iliyopita kilibeba ua wote wa nyuma wa Mama pamoja na sukuma wiki yake.

Chifu alikuja akatuambia sisi wa bondeni tupande juu kabla ya mvua za Aprili. Mimi na Masese tulikubali kukodi chumba pale senta. Mama hapana. Alisema, "Nilihama mara moja. Nyumba hii baba yenu Nyaberi aliijenga, ikachomwa, akaijenga tena. Nikitoka hapa, nitatoka nikiwa nimebebwa."

Basi nimebaki naye. Nyumba yangu na yake zinatazamana, siwezi kumwacha. Mwandikie wewe. Wewe ni kitinda mimba, pengine atakusikia.

Dada yako,
Bitutu


Meru,
2 Aprili 2024

Dada Bitutu,

Barua yako ililetwa na padri mgeni Jumapili ya Pasaka, nikaisoma nikiwa nimesimama kwenye shamba la kabichi. Magoti yanauma, asante kwa kuuliza. Kwa vile huu ni mwaka wa unovisi hatushiki simu na tunaandika barua moja kwa mwezi, kwa hiyo usione kimya. Nimejifunza kutengeneza mishumaa na kunyamaza. Hilo la pili bado linanishinda. Nadhiri zangu za kwanza zimepangwa tarehe 15 Agosti, Mungu akipenda, na nataka niwaone nyote mstari wa mbele.

Msomee Mama maneno haya: Mama, Tata Nyaberi alipofariki hakukuachia kazi ya kulinda kuta. Hama. Nenda senta, nenda hata ukumbi wa kanisa ulale kwenye benchi.

Lakini, dada, usimpeleke kwa Johana. Najua ndiye jirani wa juu, na shamba lake ndilo la karibu na ni kavu. Popote pengine, si pale. Ule mwaka wa vita vya uchaguzi nilikuwa na miaka minane. Tulipita mbele ya lango lake tukikimbia, nyuma yetu moshi, mimi nimebeba kuku. Alikuwa amesimama pale pale langoni. Tata alimwita kwa jina lake, mara mbili. Akageuza uso. Mengine ya siku ile nimeyasahau, hili halijatoka. Jina lake nimeliandika leo, sitaliandika tena.

Nawaombea kila alfajiri.

Moureen


Meru,
6 Mei 2024

Dada Bitutu,

Sijui kama barua yangu ya Aprili ilifika, maana sijapata jibu. Dereva anayetuletea ngano alituambia maji yamebeba nyumba upande wa Kipkelion na Londiani. Hakujua vijiji. Nilimuuliza mpaka akaona haya.

Mama Mlezi, sista anayetufundisha sisi manovisi, ameniruhusu kuandika nje ya zamu. Sina salamu ndefu leo. Niambie mko wangapi. Niambie Mama analala wapi.

Moureen


Kedowa,
19 Mei 2024

Mpendwa Moureen,

Pumua kwanza. Tuko wote. Mama yuko hai, mimi niko hai, watoto wako hai, na ukipiga kelele hapo kwenye kabichi Mama Mlezi atakuelewa. Barua zako zote mbili zilinifikia kwa mpigo mmoja, maana daraja la barabara ya chini lilienda na posta ikakaa Londiani.

Sasa nikuambie. Ilikuwa mwezi wa Aprili, saa tisa mchana, na jua linawaka. Nilikuwa kwenye kituo cha kupimia majani, kikapu changu ndicho kinachofuata kwenye mizani. Tukasikia sauti kama lori lililokatika breki, halafu harufu ya udongo mbichi. Mama Sagini aliyekuwa nyuma yangu akasema, "Hiyo si gari." Nikaacha kikapu pale pale.

Nilipofika ukingoni bonde halikuwepo, Moureen. Kulikuwa na kitu cha rangi ya kahawia kinachotembea, kimebeba magogo, mabati, na ng'ombe anayeogelea akiwa ameinua pua. Jiko langu lilikuwa limeenda. Nyumba yangu ilikuwa inaegama kama mtu mwenye usingizi. Watoto, Mungu ni mkubwa, walikuwa bado shule ng'ambo ya pili, na mwalimu alikuwa amewazuia.

Mama alikuwa juu ya stoo ya mahindi. Alipanda mwenyewe, kwa umri ule, na kitenge amekifunga kiunoni. Nilimwita nikaona ananipungia mkono, kama anayenikataza nisije. Halafu stoo ikaanguka upande mmoja na mguu wake ukabanwa kati ya mbao mbili.

Mtu mmoja alikuwa tayari ameshuka kutoka juu akipiga kelele, "Beek! Beek!" yaani maji. Alikuwa na kamba ya kufungia ng'ombe. Akafunga upande mmoja kwenye mkaratusi ule mkubwa, upande wa pili kiunoni mwake, akaingia. Maji yalimfika kifuani, kisha shingoni. Gogo lilimpiga begani, akazama, nikafumba macho. Nilipofumbua alikuwa ameshika mbao za stoo. Alizing'oa kwa mikono. Vijana walivuta kamba na sisi wanawake tukavuta vijana, na tope likamtoa Mama kama linavyotoa kiazi, akiwa mweusi mwili mzima, macho tu ndiyo meupe.

Mguu wa kulia umevunjika chini ya goti. Alilazwa, akafungwa plasta, ametoka. Nyumba ya Tata haipo. Yangu pia haipo. Ng'ombe mwekundu alipatikana hai kwenye chai ya watu, ndama wake hapana. Lakini katika bonde letu hakuna aliyezikwa.

Mama analala mahali pakavu, kwenye kitanda kizuri, na anapewa maziwa asubuhi na jioni. Usiwe na wasiwasi.

Bitutu


Meru,
9 Juni 2024

Dada yangu,

Nilisoma barua yako kwa sauti mbele ya manovisi wenzangu, na nilipofika pale Mama anatoka kwenye tope walipiga vigelegele mpaka tukaambiwa tunyamaze. Mpe pole ya mguu. Pole na wewe kwa nyumba, pole kwa ndama.

Usiku nikaisoma tena peke yangu. Umeandika "mtu mmoja alikuwa tayari ameshuka kutoka juu." Umemtaja Mama Sagini, ambaye hakufanya kitu ila kusema si gari. Aliyeingia majini umemwacha bila jina. Na hicho kitanda kizuri hakina mwenyewe? Hayo maziwa yanakamwa na nani?

Juu yetu kuna boma moja tu, Bitutu.

Nilikuomba jambo moja.

Kuhusu tarehe 15 Agosti, msikodi gari kwanza. Tutaandikiana.

Moureen


Kedowa,
30 Juni 2024

Moureen wangu,

Umenikamata. Hata tulipokuwa watoto sikuweza kukuficha sukari. Salamu za watoto zipo nyingi, za Masese pia, lakini naona leo hutaki salamu.

Ndiyo, ni Mzee Johana. Aliyeingia kwenye maji ni yeye, na ana miaka sitini na kitu. Waliovuta kamba ni mwanawe Kiplangat na wenzake. Kitanda ni cha Mzee na mkewe Chepkosgei. Wao wamehamia chumba cha mbele na wanalala kwenye makochi. Chepkosgei ndiye anayemwogesha Mama. Sikukuambia kwa sababu nilijua utasikia jina kabla ya kusikia habari.

Sasa sikiliza kilichotokea wiki ya pili baada ya hospitali, maana nilikuwepo, nikimenya viazi mlangoni. Mama hakuwa amesema na yule mzee neno lolote zaidi ya asante ya maziwa. Siku hiyo Johana aliingia, akavua kofia, akakaa kwenye kigoda.

"Mama Bitutu," akasema, "Nyaberi aliniita ile siku. Mara mbili. Mimi nilisikia."

Mama akaweka kikombe cha maziwa chini.

"Mimi niliogopa. Vijana yetu ilikuwa pale nyuma ya ua, na panga. Nilisema wakiona nawajua nyinyi, wataanza na mimi. Nikageuza uso. Sina maneno ingine. Nyaberi aliporudi kutoka kambi ya wakimbizi nilitaka kuja, miguu ikakataa. Ndiyo maana mimi hupita njia ya msitu kwenda senta. Sipiti kwenu. Mpaka Nyaberi amekufa sijapita."

Ni kweli, Moureen. Mimi nilidhani anatudharau. Kumbe kila siku ya soko mzee yule anazunguka mlima mzima.

Mama alimwangalia. Nikadhani atamfukuza kwenye nyumba yake mwenyewe, na Mama anaweza. Akasema, "Miaka kumi na sita unazunguka. Siku ya maji hukuzunguka."

Mzee akalia. Mama naye. Mimi nilikata kidole badala ya kiazi. Halafu Mama akasema "Kongoi," yaani asante, Kikipsigis chake cha kwanza tangu tuhamie pande hizi, na mzee akajibu "Mbuya mono," asante sana ya kwetu, kwa Kikisii kibaya sana, wakaanza kuchekana.

Lipo na lingine. Mzee alitaka kutupa kipande cha juu kando ya barabara, sisi familia zote nne za bondeni, tujenge. Mama akakataa cha bure. Alikaa na mguu wake kwenye plasta akabishana na Johana siku mbili kama watu wa soko la Ndanai. Mwisho wamebadilishana: sisi tumepata mahali pa nyumba huko juu, yeye amepata sehemu ya bondeni ya kupanda majani ya ng'ombe. Chai yetu na viazi vyetu vinabaki chini, maji yakija yakute majani. Wazee wa pande zote na chifu walikuwepo, mawe ya mpaka yamewekwa.

Mama amehama, Moureen. Na alitoka akiwa amebebwa, kama alivyoapa.

Sasa zamu yako. "Tutaandikiana" ni nini? Nadhiri zina shida gani? Mimi nimekwambia langu.

Bitutu


Meru,
21 Julai 2024

Dada Bitutu,

Nimeichelewesha barua hii makusudi. Niliandika nyingine tatu, zikawasha moto wa jikoni.

Nadhiri ziliahirishwa tangu Aprili. Mama Mlezi alikuwa ameniuliza kama nina mtu moyoni ambaye nisingependa kukaa naye meza moja mbinguni. Wenzangu walisema hapana. Mimi nilisema yupo, na nikamtaja. Hakunigombeza. Alisema, "Basi tutangoja, binti. Nadhiri hazikimbii." Sikuwaambia kwa sababu Mama ameitangazia jumuiya nzima, na pia niliona aibu kwamba mtoto wa Nyaberi anangojwa kama maharagwe magumu.

Barua yako ya Juni nilikaa nayo wiki mbili. Nilikuwa na hasira hata na "kongoi" ya Mama. Nilisema moyoni, mbona amemalizia rahisi hivyo? Kisha Jumanne moja tukiwa tunapalilia nikamwona Johana, si yule wa langoni, yule wa miaka sitini na kitu, na gogo linampiga begani. Angeweza kusimama juu kwenye jua na kuangalia. Hakuna ambaye angemlaumu. Nikaanza kulia mpaka jembe likaniponyoka, na manovisi wakadhani nimeumwa na nyoka.

Mpe maneno haya, mpe ukiwa umekaa naye, si kwa kupita: "Mzee Johana, mimi ndiye yule mtoto aliyebeba kuku. Nilikuona siku ile na nimekubeba mpaka huku. Leo nimekushusha. Asante kwa mama yangu."

Mama Mlezi alisoma uso wangu, hakuhitaji kusoma barua. Tarehe mpya ni 2 Februari. Kodini gari. Na katika gari hilo wekeni nafasi ya Mzee na mkewe. Akishuka, nitamsalimia mimi kwanza.

Moureen


Kedowa,
3 Novemba 2024

Sista wetu mtarajiwa,

Usininunie kwa huu ukimya wa miezi mitatu. Nilikuwa najenga, na nikimaliza kujenga nalala. Mama anatembea! Na fimbo, lakini anatembea, na fimbo yenyewe anaitumia zaidi kuelekezea watu kazi. Masese aliomba likizo ya mwezi mzima. Watoto wanaongea Kikipsigis sasa na wanakitumia kutuficha mambo.

Maneno yako nilimpa Mzee tukiwa tumekaa, kama ulivyoagiza. Aliinuka hapo hapo. Alivaa gambuti zake za mpira, akachukua jembe, akateremka kupitia bondeni mpaka senta, katikati ya soko, akarudi na mkate. Tangu hapo hupita huko huko.

Nyumba zetu zote nne zimesimama. Mbao na mabati tuliyookota tuliyapandisha kwa mabega. Paa la Osoro, jirani yetu wa ng'ambo, lilikuwa halijavunjika, kwa hiyo wanaume waliingia chini yake wakaliinua zima, ukaona paa linapanda mlima lina miguu ishirini. Wakisii wakaanza wimbo wao, Wakipsigis wakaanza wao, nyimbo zikagombana njiani kisha zikashika hatua moja, maana paa ni zito.

Na sasa jambo lenyewe. Alhamisi wiki mbili zilizopita maji yalirudi.

Kiplangat ana rafiki anayechunga ng'ombe huko juu karibu na msitu, na tulikuwa tumekubaliana kwamba wingu likikaa vibaya atapiga simu. Alipiga mchana, kwetu kukiwa na jua kama ile siku. Chepkosgei akapiga sufuria langoni. Sikuamini macho yangu, Moureen. Watu waliacha chai, wakafungua ng'ombe, wakapanda. Hakuna aliyekimbia. Bibi ya Osoro alitaka kurudi kuchukua debe lake na Mama akamzibia njia na fimbo: "Debe litanunuliwa. Wewe hununuliwi." Mwalimu akatuma neno kwamba watoto wamefungiwa darasani wanakunywa uji.

Tukasimama wote juu, boma la Johana na letu, tukaangalia. Furiko lilikuja kubwa kuliko la Aprili. Lilikuja na miti mizima. Likageuka pale kwenye mkaratusi, likaingia mahali palipokuwa jiko langu, likapanda mpaka palipokuwa kitanda cha Mama, likazunguka pale kama linalotafuta. Halikukuta mtu. Halikukuta hata kuku.

Mama alishuka hatua mbili mbele yetu, akaegemea fimbo, akapiga kigelegele kimoja kirefu, cha harusi kabisa. Chepkosgei akadakia, halafu wanawake wote, mpaka upande wa pili wa bonde wakajibu watu tusiowajua. Mzee Johana alikuwa anacheka machozi yanamtoka, anasema, "Yameshindwa! Leo yameshindwa!" Masese akanishika mkono mbele za watu, jambo ambalo hajafanya tangu harusi yetu.

Maji yalipungua jioni. Jumamosi tuliteremka na majembe. Uchafu tuliuchoma, magogo tumepasua kuni za mwaka. Na tope lililoachwa, Moureen, ni jeusi na laini, mkono unazama. Mzee alilichukua akalinusa, akasema shamba hili halijawahi kupata mbolea kama hii. Tumepanda viazi pote, kutoka kwenye chai mpaka ukingo, familia zote nne na yeye akiwa wa tano. Mwisho wa Januari vitakuwa tayari.

Gari tumelikodi. Mama anakaa mbele, amesema hilo halijadiliwi. Mzee Johana ameshonesha koti. Tutafika tarehe mosi Februari jioni, tukiwa wengi na wenye kelele, na juu ya gari kutakuwa na magunia.

Waambie masista watafute sufuria kubwa.

Dada yako,
Bitutu